Mnyonge Mnyongeni: Rolling Stones na Deni la Wazee wa Bluzi

Vijana wetu wakilisikia jina la Rolling Stones, huwaza wazee wa Kizungu wenye makunyanzi wanaorukaruka jukwaani mbele ya umati mkubwa. Wachache wanajua kwamba jina lenyewe si lao. Walilitoa kwenye wimbo wa mwaka 1950 wa Muddy Waters, Mmarekani mweusi aliyekulia kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi. Wala si jina tu. Karibu kila walichokuwa nacho miaka ya mwanzo kilikuwa cha kuazima, na hapo ndipo penye funzo.

Bluzi ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, vizazi vya watumwa. Muddy Waters, ambaye jina lake halisi ni McKinley Morganfield, alikuwa kibarua na dereva wa trekta shambani kabla ya kuhamia Chicago mwaka 1943. Vilabu vya mjini vilikuwa na kelele na gitaa la kawaida halisikiki, basi akashika la umeme. Kampuni ya Chess ya mjini humo ndiyo iliyomrekodi yeye, Howlin' Wolf, Chuck Berry, na nyimbo nyingi za mtunzi mmoja hodari, Willie Dixon.

Sasa tuvuke bahari. Oktoba 1961, kwenye kituo cha gari la moshi cha Dartford, nje kidogo ya London, vijana wawili waliojuana tangu shule ya msingi walikutana tena. Mick Jagger alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Keith Richards alipoziona, mazungumzo hayakukatika. Santuri hizo zilikuwa adimu Uingereza, na Jagger alikuwa akiziagiza kwa posta kutoka Chicago.

Machi 1962, Alexis Korner na Cyril Davies walianzisha usiku wa bluzi katika klabu moja ya Ealing, magharibi mwa London. Huko ndiko wawili hao walikomkuta Brian Jones, kijana kutoka Cheltenham, fundi wa gitaa. Jones alikuwa ametia tangazo gazetini akitafuta wanamuziki, na mpiga piano Ian Stewart ndiye aliyeitikia. Tarehe 12 Julai 1962 walipiga kwa mara ya kwanza kwa jina lao jipya katika klabu ya Marquee. Desemba akaingia Bill Wyman wa gitaa la besi, na Januari 1963 Charlie Watts wa ngoma. Jagger, Jones na Richards walikuwa wakiishi pamoja kwenye nyumba chakavu ya Edith Grove, baridi kali na mfuko mtupu, wakisikiliza santuri zilezile mpaka waweze kuziiga.

Mwaka 1963 walipata umeneja wa Andrew Loog Oldham, kijana wa miaka 19. Oldham aliona watu sita ni wengi, na kwamba Stewart hana sura ya kupendeza kwenye picha. Akamtoa kwenye safu rasmi ya bendi aliyosaidia kuiasisi. Stewart hakununa. Aliendelea kubeba vyombo vyao na kuwapigia piano hadi alipofariki mwaka 1985.

Rekodi yao ya kwanza, Juni 1963, ilikuwa wimbo wa Chuck Berry. Mwisho wa 1964, wimbo wa Willie Dixon aliokuwa ameuimba Howlin' Wolf ulifika nambari moja Uingereza kwa sauti ya Rolling Stones. Hapa lazima tuelewe hesabu ya biashara hii. Mwimbaji hulipwa kwa kuimba kwake, lakini mtunzi ana haki ya mrabaha kila wimbo wake unapouzwa au kupigwa redioni, hata ukiimbwa na mwingine. Ndiyo maana Oldham aliwashinikiza Jagger na Richards waanze kutunga zao. Ndiyo maana pia jina kwenye karatasi ya santuri si pambo. Ni riziki ya mtu na wanawe.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Vijana hawa waliwataja walimu wao. Mwaka 1965 walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig!, walisisitiza Howlin' Wolf naye awepo. Mzee huyo, mweusi wa miraba minne aliyekuwa kwenye miaka ya hamsini, akaimba huku wao wameketi chini wakimtazama. Wamarekani wengi walikuwa wanafundishwa muziki wa nchi yao na watoto wa Kiingereza.

Lakini hawakuwa malaika. Mwaka 1968 walitoa santuri ambayo jalada lake lilionyesha wimbo mmoja kuwa ni utunzi wa Jagger na Richards, ilhali ulikuwa wa Robert Wilkins, mwanamuziki mzee aliyekuwa mchungaji. Baadaye jina lilirekebishwa. Willie Dixon naye alilazimika kuishtaki bendi nyingine ya Uingereza, Led Zeppelin, na wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Alianzisha taasisi ya kuwasaidia wanabluzi kudai haki zao. Leo taasisi hiyo iko katika jengo la zamani la Chess, nambari 2120 South Michigan Avenue, palepale Rolling Stones walipokwenda kurekodi Juni 1964.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka. Masikio yetu yamelelewa na mahadhi ya filamu za Kihindi yaliyovikwa maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo alikuwa bingwa wa hilo. Kuazima ni desturi ya muziki kote duniani. Lakini cha kuazima ni amana, na mwenye amana hutajwa. Leo kijana akichukua wimbo wa taarabu wa zamani, akauongezea midundo na kuupakia mtandaoni, kuandika jina la mtunzi ni kazi ya nusu dakika. Familia ya mtunzi huyo huenda bado iko mtaani kwake.