Maumivu ya Kifandugu na Tiba ya Mikono

Abiria wa matatu atokaye Kitengela kwenda Kajiado, akirushwa na tuta akatua kwa kishindo, huenda akaumia kifandugu, kile kifupa cha pingili tatu hadi tano kilicho ncha ya uti wa mgongo. Kwa haya, wengi husema tu kwamba mgongo unauma, wakatibiwa mgongo! Maumivu haya huzidi mtu aketipo na ainukapo. Aghalabu huisha baada ya majuma au miezi, kwa kukalia mto uliokatwa upande wa nyuma na kumeza dawa za kutuliza. Kairopraktiki, tiba ya kunyoosha viungo iliyoasisiwa Marekani mwaka 1895, huwafaa baadhi, ingawa ushahidi wake ungali haba. Lakini mgonjwa afaye ganzi mapajani au ashindwaye kuzuia mkojo asinyooshwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.