Neno la Kiingereza "for" na Njia Zake katika Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Uganda hujifunza masomo yake mengi kwa Kiingereza, na mara nyingi hata sarufi ya Kiswahili huielewa kwanza kwa kupitia lugha hiyo. Njia hii ina manufaa yake, lakini ina mitego pia. Mmoja wa mitego hiyo ni neno dogo "for". Mwanafunzi akiuliza maana yake, aghalabu hupewa jibu fupi: ni "kwa", au "kwa ajili ya". Kwa jibu hilo huandika sentensi kama hii:

(1) Nimenunua unga kwa mama.

Alikusudia kusema kwamba unga huo atapewa mama. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba mama ndiye aliyeuuza. Sentensi yenyewe haina kosa la sarufi, wala upatanisho wake haujavurugika. Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha madaftari kwa haraka anaweza kuiwekea alama ya vema. Kosa la namna hii ni hatari kuliko kosa la upatanisho, kwa kuwa halionekani kwa macho.

Mada hii ina uzito wa pekee kwa mwalimu atakayefundisha kusini-magharibi mwa Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Jijini Mbarara wanafunzi wengi huanza somo hili wakiwa na Kinyankore na Kiingereza. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, darasa moja huweza kuwa na watoto waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Huko Kiswahili si somo la mtihani tu. Ni lugha ya soko na ya jirani, na mara nyingi ndiyo lugha ambayo mtu huelezea shida yake mbele ya mgeni.

1. "Kwa" hufuata mwelekeo wa kitenzi

Kwanza tuone kwa nini sentensi (1) inageuka. Kihusishi "kwa" kikifuatwa na jina la mtu, maana yake ya msingi ni mahali alipo mtu huyo: "Nimetoka kwa mjomba," "Tutalala kwa bibi." Kinachoamua kama mtu huyo ni chanzo au ni kikomo ni kitenzi kilichotangulia.

(2) Walitoa msaada kwa wazee.
(3) Walipokea msaada kwa wazee.

Katika (2) kitenzi "kutoa" kinapeleka kitu mbele, na wazee ndio wapokeaji. Katika (3) kitenzi "kupokea" kinavuta kitu nyuma, na wazee ndio watoaji. Vitenzi "kununua", "kukopa", "kuchukua", "kupata" na "kuomba" vyote ni vya kuvuta. Vikifuatwa na "kwa" na jina la mtu, mtu huyo huwa chanzo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeweka "kwa" mahali pa "for" baada ya vitenzi hivi hupata kinyume cha alilotaka.

Tazama jinsi jambo hili linavyogusa mali ya watu:

(4) Nimekopa fedha kwa jirani.
(5) Nimemkopea jirani fedha.
(6) Nimemkopesha jirani fedha.

Katika (4) jirani ananidai. Katika (5) nimechukua mkopo mahali pengine kwa manufaa ya jirani. Katika (6) mimi ndiye ninayemdai. Mwanafunzi asiyezitenganisha sentensi hizi tatu anaweza kujiandikia deni lisilo lake.

2. Kauli ya kutendea: makao makuu ya "for"

"For" inapomtaja mtu anayefanyiwa jambo, Kiswahili hakitafuti neno la pembeni. Maana hiyo huingizwa ndani ya kitenzi kwa kiambishi cha kauli ya kutendea.

(7) Nimemnunulia mama unga.
(8) Nisomee barua hii.
(9) Tumewapikia wageni.

Umbo la kiambishi hutegemea irabu ya mzizi. Mizizi yenye a, i au u huchukua -i-: pata, patia, andika, andikia, funga, fungia. Mizizi yenye e au o huchukua -e-: leta, letea; soma, somea. Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili hurejesha l iliyopotea zamani: nunua, nunulia, chukua, chukulia, toa, tolea. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu hupokea kiambishi hicho pia: jibu, jibia, hesabu, hesabia.

Mambo mawili yasisitizwe darasani. La kwanza ni nafasi ya mtendewa. Katika (7) kiambishi -m- kinarejelea mama, si unga, na nomino "mama" hutangulia "unga". La pili ni kwamba kauli hii haihitaji kusaidiwa. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza "nunulia" huogopa kuiacha "for" ikae bila neno lake, akaandika hivi (alama ya nyota huonyesha sentensi isiyokubalika):

(10) *Nimenunulia unga kwa mama.

Hapo amelipa mara mbili kwa bidhaa moja. Kiambishi kimekwisha kubeba maana. "Kwa" haina kazi ya kufanya.

Hata hivyo, kauli ya kutendea isielezwe kuwa ni kauli ya kumfaidisha mtu. Hutaja anayeguswa na tendo, kwa heri au kwa shari. "Mbuzi amenifia" si faida. "Amemsemea mwenzake kwa mwalimu" huweza kumaanisha kwamba alimtetea, au kwamba alimshtaki. Vivyo hivyo "Alimwandikia mzee barua" ina tafsiri mbili: barua ilipelekwa kwa mzee, au mzee hakuweza kuandika na mtu mwingine akaandika kwa niaba yake. Panapokuwa na shaka, maneno ya ziada huondoa utata: "Alimwandikia mzee barua ya kupeleka ofisini."

3. "Kwa ajili ya" ina mahali pake

Baadhi ya walimu, wakichoshwa na "kwa ajili ya" katika kila mstari wa insha, huipiga marufuku kabisa. Hilo nalo si sawa. Fungu hili hufaa pale mlengwa anapokuwa jambo au shughuli, au pale kirai kinapokuwa kirefu: "Fedha zilitengwa kwa ajili ya ujenzi wa madarasa mapya." Hufaa pia mtu anapotaka kutilia mkazo sababu ya tendo: "Nilivumilia yote kwa ajili ya watoto." Lakini "Mama alipika chakula kwa ajili yangu" ni sentensi nzito mahali ambapo "Mama alinipikia" inatosha.

4. A-unganifu: kitu cha nani, kitu cha nini

"For" inapounganisha nomino mbili, Kiswahili hutumia a-unganifu: dawa ya kikohozi, chumba cha wageni, gari la Mbarara. Kuna utata hapa pia. "Gari la Mbarara" huweza kuwa linalokwenda Mbarara au linalotoka huko, na muktadha ndio huamua. Abiria asiyetaka kubahatisha husema "gari la kwenda Mbarara".

Baada ya a-unganifu huweza kuja kitenzi-jina, na hapa kauli ya kutendea hurudi kwa kazi nyingine:

(11) maji ya kunywa
(12) kikombe cha kunywea

Maji hunywewa yenyewe. Kikombe ni chombo ambacho kwacho tunakunywa. Ndiyo sababu tunasema kalamu ya kuandikia, sabuni ya kufulia, kisu cha kukatia nyama, chumba cha kulia. Kiingereza kinaweza kutumia "for" kwa maji na kwa kikombe bila kubagua. Kiswahili hubagua kwa kiambishi. Mwanafunzi anayesema "chumba cha kula" ataeleweka, lakini hajaipata bado sarufi ya lugha.

5. Muda, bei na sababu

Katika matumizi haya "kwa" haileti taabu. Bei: "Nimenunua kilo moja kwa shilingi elfu tatu." Sababu: "Asante kwa msaada wako." Muda: "Wamekaa hapa kwa miaka mitano," ingawa "Wamekaa hapa miaka mitano" inatosha na ndiyo inayosikika zaidi.

6. Vitenzi visivyotaka msaada

Kuna vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na "for" ambavyo wenzao wa Kiswahili hujitosheleza. Kutafuta, kungoja, kusubiri na kuomba huchukua yambwa moja kwa moja. Kwa hiyo "*Ninangoja kwa basi" na "*Anatafuta kwa kazi" ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili.

Kitenzi "kulipa" kinahitaji uangalifu. "Nimemlipa mwalimu" ni kumpa ujira wake. "Nimelipia vitabu" ni kutoa thamani ya vitabu. "Nimemlipia mtoto ada" ni kutoa fedha kwa niaba ya mtoto. Anayeandika "Shirika limelipa wanafunzi" na anayeandika "Shirika limewalipia wanafunzi" wametoa taarifa mbili tofauti za fedha.

7. Kuhama na kuhamia

Katika Kiingereza, "for" ikiongezwa baada ya kitenzi cha kuondoka, safari hubadilika: jina la mahali lililokuwa chanzo huwa kikomo. Kiswahili kina tendo kama hilo, lakini hulifanya kwa irabu moja.

(13) Alihama Mbarara.
(14) Alihamia Mbarara.
(15) Walikimbia Nakivale.
(16) Walikimbilia Nakivale.

Katika (13) na (15) watu wameacha mahali palipotajwa. Katika (14) na (16) wamefika hapo. Kwa mtoto wa Mbarara, hili laweza kuwa jambo la alama moja katika mtihani. Kwa mtoto wa Nakivale, ambaye huenda akawa mkalimani wa wazazi wake, ni suala la wapi familia ilipata hatari na wapi ilipata hifadhi. Mwalimu asilipite kwa haraka.

8. Kuanzia kwenye lugha ya mwanafunzi

Kauli ya kutendea mara nyingi hufundishwa kana kwamba ni mzigo mpya. Ukweli ni kwamba wengi wa wanafunzi tuliowataja wanayo tayari. Linganisha kitenzi cha kununua:

Kiswahili: kununua, kununulia
Kinyankore: okugura, okugurira
Kiganda: okugula, okugulira
Kinyarwanda na Kirundi: kugura, kugurira

Kisomali si lugha ya Kibantu, lakini nacho huiweka maana hii karibu na kitenzi, kwa kijineno "u" kinachotangulia kitenzi hicho. Kikikutana na kiambata cha nafsi ya kwanza huwa "ii", kama katika "ii keen", yaani "niletee". Kwa hiyo mwanafunzi aliyetoka Mogadishu naye anaweza kuanza na anachokijua.

Basi mwalimu asianze kwa kuuliza, "for" ni nini kwa Kiswahili? Aseme sentensi (7), kisha kila mwanafunzi aitoe kwa lugha ya nyumbani kwake. Sentensi ziandikwe ubaoni moja chini ya nyingine, na darasa litafute mahali mtendewa alipojificha. Wataona kwamba yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza kije baadaye, kama lugha nyingine ya kulinganisha.

Tahadhari moja inahitajika kwa wanafunzi waliotoka mashariki mwa Kongo. Katika Kiswahili kinachozungumzwa sehemu kadhaa za huko, "kuuza" humaanisha kununua, na "kuuzisha" ndiko kutoa bidhaa kwa fedha. Mwanafunzi wa namna hiyo akisema "Nimemuuzia mama unga", yaelekea amemfanyia mama hisani. Mwalimu asimcheke wala asimwambie kwamba hajui Kiswahili. Amweleze kwamba katika Kiswahili sanifu neno hilo lina maana nyingine, kisha ampe "nunulia" aitumie shuleni.

Muhtasari

"For" haina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Mtu anayetendewa huingia ndani ya kitenzi. Nomino kwa nomino huungwa kwa a-unganifu. Bei na sababu huchukua "kwa". Muda huweza kusimama peke yake. Na baadhi ya vitenzi havihitaji chochote. Kabla ya kutafsiri, mwanafunzi ajiulize: nani anapata, nani anatoa, na kitu kinaelekea wapi?

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana: (a) Nimechukua dawa kwa mgonjwa. (b) Nimemchukulia mgonjwa dawa. (c) Nimechukua dawa ya mgonjwa.
2. Sahihisha na utoe sababu: (a) *Tunasubiri kwa mvua. (b) *Alipikia ugali kwa watoto.
3. Nyambua katika kauli ya kutendea: kopa, fua, beba, chimba, pokea.
4. Tunga sentensi mbili zenye "kwa" na jina la mtu: moja ambamo mtu huyo ni chanzo, na nyingine ambamo ni mpokeaji.
5. Chagua lugha moja inayozungumzwa na wanafunzi wa eneo lako. Andaa somo la dakika arobaini linalofundisha kauli ya kutendea kwa kuanzia lugha hiyo.