Je, wajua? Randa na ufa unaotangulia kisu

Kupiga randa ni kazi ya masikio kabla ya mikono. Kisu kikiwa kikali na ubao ukiwa umelala upande wake, randa hutoa sauti ndefu kama ya mtu anayechana khanga mpya, shwaaa, kutoka ncha hadi ncha. Kisu kikiwa butu, au ubao ukiwa umewekwa kinyume, unasikia kwaru-kwaru, randa inaruka, inakwama, na ukiangalia unaona vishimo kana kwamba panya walipita usiku.

Fundi mmoja wa Keko, Dar es Salaam, ndiye aliyenifundisha jioni zangu za kwanza. Mimi ni mtu wa kukaa ofisini mbele ya kompyuta. Nilikwenda kwake kwa sababu nilitaka kitu cha kufanya kisichokuwa na skrini. Alikuwa amenipa mgongo, anakunywa kahawa. Nikasukuma randa mara tatu. Bila kugeuka akasema, "Mwanangu, geuza ubao." Nikaugeuza, kichwa kikawa mkia. Sauti ikanyooka palepale.

Nilimuuliza amejuaje. Akanijibu kwa samaki. Ukipitisha kisu juu ya changu kutoka kichwani kwenda mkiani, kinateleza tu. Kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka. Ubao nao una kichwa na mkia, ila magamba yake hayaonekani.

Magamba hayo ni nyuzi. Mbao ni mkusanyiko wa mirija mirefu, iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, nayo imeshikamana kwa nguvu kwa urefu lakini kwa unyonge kwa upana. Ndiyo maana kuni hupasuka kwa shoka moja ukizisimamisha, ukizilaza zinakushinda. Kisu cha randa kikiingia, hakikati tu kama wembe unavyokata karatasi. Kwa sehemu kinafanya kazi ya kabari: kinainua nyuzi, na ufa mdogo unatangulia mbele ya makali. Kama nyuzi zinapanda kuelekea unakokwenda, ufa huo unapanda nazo, unatokeza juu na kufa. Kama zinashuka, ufa unazama ndani ya ubao, kisu kinaufuata, na nyuzi zinakatikia chini ya pale ulipotaka kuishia. Hapo ndipo panapotoka vile vishimo.

Historia ya randa, kwa jinsi ninavyoiona, ni historia ya watu wanaojaribu kuuzuia ufa huo usikimbie.

Warumi walikuwa nayo tayari. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK, zimepatikana randa, na umbo lake lingetambuliwa na seremala yeyote wa leo: gogo la kushika, tundu la kisu, na uso wa chini ulionyooka. Uso huo ndio uvumbuzi wa kwanza. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, hufuata mkono wako, hivyo makosa ya mkono hubaki kwenye mbao. Randa hukikalisha kisu ndani ya kitu kilichonyooka, na makosa ya mkono hayafiki kwenye makali. Uvumbuzi wa pili ni mdomo, ule mwanya mwembamba ambamo kisu hutokeza. Ukingo wa mdomo hukandamiza nyuzi hatua chache tu kabla kisu hakijazifikia. Nyuzi zilizobanwa haziwezi kuinuka, na zisizoinuka haziwezi kuvuta ufa mrefu.

Jina lenyewe limesafiri. Waajemi huita chombo hiki rande, na kwa jina hilohilo huita kile kikwaruzo cha jikoni cha kukwangulia karoti. Wahindi nao husema randa. Sijui seremala gani angependa kusikia kwamba chombo chake kina ndugu jikoni, lakini kazi ni moja: makali yaliyotokezwa kidogo kwenye uso bapa.

Katika karne ya 18 kikaongezwa chuma cha pili, kinacholala mgongoni mwa kisu karibu na makali. Kwa miaka mingi watu walibishana kama chuma hicho kina faida yoyote au ni cha kukazia kisu tu. Maprofesa wawili wa Kijapani, Yasunori Kawai na Chutaro Kato, waliutazama mkato kwa kamera iliyosogezwa karibu sana. Picha zao zinaonyesha jambo zuri: chuma cha pili kikiwekwa karibu mno na makali, umbali wa takriban milimita 0.1, randa, yaani ule ukanda mwembamba wa mbao unaokwanguliwa, linapoanza tu kuinuka linagonga ukuta, linakunjwa na kurudishwa mbele. Linasimama wima badala ya kuvuta nyuzi zilizo chini yake. Ufa unakosa nguvu ya kuendelea. Ukikisogeza chuma hicho nyuma kidogo tu, ni kama hakipo.

Milimita 0.1 ni unene wa karatasi ya kawaida. Kabla ya Leonard Bailey, kukiteremsha kisu kwa vipimo vya namna hiyo ilikuwa kugonga kabari ya mti kwa nyundo ndogo huku na huku na kuomba Mungu. Bailey, fundi wa Marekani, aliweka skrubu na wenzo ili kisu kiteremke au kipande kwa kidole tu. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ilinunua haki zake, na randa za chuma unazoziona leo kwenye karakana nyingi, kisu kikiwa kimelala kwa pembe ya digrii 45, bado ni mchoro wake. Yangu ni namba 4, urefu wa shubiri moja na vidole kadhaa, iliyotengenezwa Sheffield, niliyoiokota kwenye lundo la vyuma vya mitumba ikiwa imeshika kutu kama nanga.

Nilipoona nimeweza mbao za mpaini nikajiona fundi. Nikanunua kipande cha mvule, nacho kikanishinda kwa njia mbili. Kwanza, nyuzi za mvule hupishana: tabaka moja linapanda, la pili yake linashuka, kwa hiyo hakuna upande ulio sahihi, ukigeuza ubao unaharibu pale palipokuwa pazuri. Pili, katikati ya ubao randa ikalia ting, na makali yakamegeka pengo la kutosha kupitisha punje ya mtama. Ndani ya mbao kulikuwa na jiwe. Jiwe hasa, si fundo. Mvule huchota kaboni hewani kama miti yote, lakini sehemu yake huigeuza kuwa oksaleti ya kalsiamu, ambayo bakteria na kuvu huivunja ikawa kalsiamu kaboneti. Hiyo ni chokaa, kitu kilekile kilichomo kwenye matumbawe yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe. Mafundi wa misumeno wanayajua sana mawe hayo. Mimi nililipia somo kwa kisu.

Na hapa nikiri: raha yenyewe niliipata kwenye kunoa. Kuondoa pengo lile kulinichukua jioni nzima. Kinoo kikubwa kwanza, halafu laini, maji kidogo, mikono yote miwili, kwenda na kurudi. Unajua umefika unapopitisha kidole mgongoni mwa kisu na kuhisi kiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja upande wa pili. Maana yake nyuso mbili zimekutana. Unageuza, unakiondoa, unajaribu kwa kunyoa nywele za mkono. Wangu wa kushoto hauna tena. Muda wote huo huwezi kufikiria barua pepe ya mkubwa wako, kwa sababu ukifikiria, pembe ya kisu inayumba na unaanza upya.

Kwa randa ya mkono, usiku ninaweza kufanya kazi barazani bila jirani kugonga ukuta. Mashine ya kuranda hufikia desibeli 100, kelele ya kuziba masikio. Na vumbi: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Msasa na mashine hulirusha hewani. Randa hutoa maranda, na maranda huanguka miguuni, yakafagiliwa.

Wajapani wamefanya maranda kuwa mchezo. Randa yao, kanna, huvutwa badala ya kusukumwa, na katika mashindano ya Kezurou-kai mafundi hushindana nani atatoa randa jembamba zaidi kwa urefu wote wa mbao. Wazuri hushuka chini ya mikroni 10. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Randa la namna hiyo ukiliweka juu ya gazeti unasoma habari chini yake. Yangu bora kabisa unaona kivuli cha kichwa cha habari, basi.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi kigoda changu cha kwanza. Kina miguu minne na kinatikisika. Alikikalia, akakiinamisha huku na huku, hakusema kitu kuhusu miguu. Akauliza, "Hapa juu umepiga msasa?" Nikamwambia hapana, Mzee, ni randa tupu. Akapitisha kiganja kwenda. Akakipitisha kurudi, taratibu zaidi. Kisha akaomba kikombe chake cha kahawa, akakiweka juu ya kigoda, karibu na ukingo, upande usiotikisika.