Unataka Intavyuu Yako Ikae Muvi? Shida Sio Kamera, ni Mwanga

Wasee wengi wakitaka kushuti intavyuu huanza kusaka doh ya kamera kubwa. Tulia kwanza. Simu yako inaweza, bora ujue kupanga mwanga na kivuli.

Anza kwa kuzima taa ya dari. Hiyo huchora vivuli chini ya macho, mgeni akae ni kama hajalala wiki nzima. Mkalishe karibu na dirisha, mwanga umpige upande mmoja wa uso. Jua likiwa kali, ning'iniza shuka nyeupe. Kamera nayo iweke upande wenye kivuli. Hapo ndipo uso hupata umbo.

Mgeni akiwa mweusi ti, usimchome na taa kali. Mwanga mpana na laini ndio hufanya ngozi ing'ae fiti. Mafuta kidogo usoni pia husaidia.

Sasa fremu. Mtoe mgeni kwa ukuta, kama mita 2 hivi, ndio nyuma ipate kina. Lenzi iwe usawa wa macho yake, na macho yakae theluthi ya juu ya picha. Anayeuliza maswali aketi kando ya kamera, upande wa dirisha. Acha nafasi pale mgeni anaangalia.

Ukishuti usiku kwa balbu, kumbuka stima ya Kenya ni ya 50Hz. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa zitachezacheza kwa video, na hakuna mteja atalipia hiyo kazi.