Swali Moja, Rafu Nyingi: Kitafutaji cha Pamoja na Matumizi ya Maktaba

Msata ni njiapanda. Barabara itokayo Bagamoyo kupitia Kiwangwa hukutana hapo na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na kutoka huko Tanga, Moshi na Arusha. Tuseme mwanafunzi wa sekondari wa hapo amepewa kazi ya mradi: aeleze kwa nini mihogo ya pwani yaweza kuoza mizizi ilhali shina na majani yanaonekana karibu mazima. Atafute wapi?

Majibu yapo, lakini yametawanyika. Ugonjwa huo, uitwao michirizi ya kahawia, ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Maelezo yake yamo katika jarida la kilimo la enzi hizo. Utafiti wa karibuni umo katika majarida ya kimataifa, tasnifu zimo katika vyuo vikuu, na miongozo ya wakulima iliyoandikwa kwa Kiswahili aghalabu imo katika makabati ya ofisi.

Kutoka kadi hadi kisanduku kimoja

Zamani msomaji wa maktaba alianzia kwenye kabati la kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya somo. Lakini kadi hizo hazikutaja makala yaliyomo ndani ya majarida. Kompyuta zilipoenea, zilikuja hifadhidata nyingi, kila moja ikiwa na mlango wake. Mpango wa HINARI wa majarida ya afya ulianza mwaka 2002, na ule wa AGORA wa majarida ya kilimo mwaka 2003, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zipate majarida hayo bure au kwa bei nafuu. Utajiri uliongezeka, milango nayo iliongezeka.

Mwaka 2004 Google Scholar ilionyesha kwamba swali moja laweza kuulizwa katika kisanduku kimoja. Kuanzia mwaka 2009, Summon na zana nyingine za aina yake zilianza kuziletea maktaba uwezo huo. Zana ya namna hii twaweza kuiita kitafutaji cha pamoja.

Hufanyaje kazi?

Zipo njia mbili. Katika ya kwanza, chombo hulipeleka swali kwa hifadhidata nyingi kwa wakati mmoja, kisha hungoja majibu. Njia hii ni ya polepole, kwani chombo hakina budi kuwasubiri walio nyuma. Katika ya pili, chombo hukusanya mapema maelezo ya vitabu na makala, yaani mwandishi, jina, mwaka na maneno ya somo, na kuyapanga katika faharasa moja kubwa. Swali likiulizwa, chombo husoma faharasa hiyo tu. Majibu hutokea upesi, na huwekwa mbele yale ambayo chombo kimeyapima kuwa yanalingana zaidi na swali.

Je, matumizi ya maktaba hubadilika? Katika Chuo Kikuu cha Grand Valley State, jimbo la Michigan, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba baada ya Summon kuwekwa, makala kamili yalifunguliwa zaidi sana, na hifadhidata zenye muhtasari tu ziliachwa kwa kiasi kikubwa. Uchunguzi mwingine wa maktaba 33, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mabadiliko hayakuwa sawa: yalitofautiana kwa chombo na kwa mchapishaji. Ni dhahiri, basi, kwamba chombo hakifungui rafu zote kwa usawa.

Kisichoorodheshwa hakionekani

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa kwetu. Kitafutaji hakisomi rafu. Husoma maelezo yaliyoandikwa juu ya vilivyomo rafuni. Mwongozo wa Kiswahili ambao haukuorodheshwa hautatokea kamwe, hata ukiwa ndio unaomfaa zaidi mkulima wa Msata. Naye msomaji, akiona majibu elfu moja, hudhani kwamba ameona yote.

Lugha yenyewe huongeza ugumu. Zana nyingi zilitengenezwa kwa kufuata Kiingereza, ambacho huonyesha wingi mwishoni mwa neno; kwa hiyo hukata mkia ili kulifikia shina. Kiswahili hubadilika kichwani: mkulima, wakulima, muhogo, mihogo. Chombo kisichojua kanuni hii huyaona hayo kuwa maneno mbalimbali. Atafutaye “mihogo” aweza kukosa kitabu kilichoandikwa “muhogo”, na kingine kilichoandikwa “mhogo”.

Dawa yake ni kazi ya ukutubi. Kiasi cha kilomita 64 kutoka Msata, mjini Bagamoyo, kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Stadi ya kukieleza kitabu kwa usahihi, inayofundishwa katika vyuo vya namna hii, ndiyo inayokipa kitafutaji kitu cha kutafuta.

Zoezi la darasani

Chagueni vitabu au vijitabu kumi vya Kiswahili katika maktaba ya shule. Kwa kila kimoja andikeni mwandishi, mwaka, na maneno matano ya somo. Andikeni umoja na wingi wa kila neno, tahajia zake nyingine, na jina la Kiingereza. Kwa mimea ongezeni jina la kisayansi, kwa mfano Manihot esculenta kwa muhogo, kwa sababu jina hilo halibadiliki kutoka nchi hadi nchi. Kisha badilishaneni orodha na kikundi kingine, mwulize kila kikundi maswali matatu, na mhesabu ni vitabu vingapi vilivyopatikana na vingapi vilivyokosekana. Kwa kila kilichokosekana, tafuteni neno ambalo halikuandikwa.