Mantra mara 1,728 kila siku! Hivi ndivyo wafuasi wa Krishna hukwepa kusali kama kasuku

Ukipita pande za Ngara hapa Nairobi, pengine umeshawacheki: wasee wa shuka nyeupe ama za rangi ya machungwa, kamfuko ka kitambaa kananing'inia shingoni, mkono uko ndani na midomo inacheza pole pole. Zii, hawahesabu doo. Ndani kuna shanga 108, na wanachofanya kinaitwa japa, yaani kurudia majina ya Mungu.

Hesabu yenyewe ni noma. Ukishapokelewa rasmi na mwalimu ndani ya ISKCON, lile kundi lililoanzishwa New York mwaka wa 1966 na A.C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, unaahidi kupiga raundi 16 kila siku. Kila shanga ni mantra moja nzima, so piga 16 mara 108. Raundi moja inakula kama dakika saba, kwa hivyo zote ni karibu masaa mawili. Wengi huanza kabla jua litoke. Hakuna cha wikendi, hakuna cha sikukuu.

Sasa jiulize: kitu ukikirudia hivyo miaka kumi, si mdomo utazoea kujiendea wenyewe huku akili iko kwa kodi ya keja? Hapo ndio kuna shida, na wenyewe wanaijua vizuri. Bhakti ni ibada ya mapenzi. Ukiifanya bila moyo, ni kama ile meseji ya "umeamkaje mpenzi" yenye umefowadi kwa watu watano.

Stori hii ni ya kitambo. Karne ya 16, huko India, Rupa Goswami aliandika kitabu kidogo cha beti 11 tu, Upadeshamrita. Humo alitaja vitu sita vinavyoua bhakti, na kimoja kinaitwa niyamagraha. Utamu ni kwamba hilo neno la Kisanskriti linaweza kukatwa njia mbili. Ukilikata huku, ni kung'ang'ania sheria kwa sababu tu ni sheria. Ukilikata kule, ni kuzitupa sheria kabisa. Kwa hivyo ule msee wa "leo sina stimu, wacha nilale" na ule wa kumaliza raundi mbio mbio ndio ahesabike, wote wako kwa shimo moja.

Dawa yao ya kwanza inakaa rahisi hadi uijaribu: sikiza. Jina likitoka mdomoni, sikio lilidake. Akili ikitoroka (na itatoroka, maze, hata kabla ya shanga ya kumi) unairudisha bila kujichapa. Kutomakinika kwenyewe wanakuhesabu kama kulikosea jina heshima, si ati ni uchovu tu.

Ya pili iko jikoni, na mimi ndio naipenda zaidi. Chakula cha kumtolea Krishna hakionjwi na mpishi. Chumvi unakadiria, harufu ya dengu inakupiga na unavumilia, kwa sababu anayepikiwa lazima awe wa kwanza kula. Jaribu kupika hivyo bila kumfikiria huyo mtu. Haiwezekani. Na si lazima iwe karamu, maana Bhagavad Gita inasema hata jani, ua, tunda ama maji tu inatosha, bora itolewe kwa upendo.

Halafu kuna mbogi. Ukiwa solo unapoa haraka, ndio maana kuna kirtan: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, ngoma ya mridanga na matoazi yanapanda hadi watu wanaruka. Prabhupada mwenyewe alikuja Nairobi mwaka wa 1971 akiwa na miaka 75, na moja ya kirtan za ziara hiyo ilipigwa Kamukunji.

Inasimuliwa kwamba vijana wake wa kwanza aliwaambia wapige raundi 64. Wakalia. Akashusha na kushusha hadi 16, na hapo akakataa kushuka tena. Kwa hivyo kama unataka kuonja hii kitu, usijifanye mnoma siku ya kwanza. Shika shanga moja, taja jina, lisikie hadi mwisho, ndio uguse ya pili.