Kijeba na Mbuzi wa Mashindano



Hapa Mtendeni, Tabora, jioni tunasaidia kufundisha mpira watoto wa chini ya miaka 15. Lazima tukiri: katika mashindano ya kugombea mbuzi tuliwahi kumchezesha kijana tuliyejua umri wake umepita, yaani kijeba. Alifunga mabao mawili, tukala mbuzi. Mtoto mwenye namba ile alikaa benchi na jezi yake, akashangilia pamoja nasi.

Si jambo la mtaani tu. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilienguliwa kwenye michuano ya Afrika kwa kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2017 mambo yakageuka: Kongo-Brazzaville ikaenguliwa kwa suala la umri, nasi tukaenda Gabon kushika nafasi yake. Vijana wakatoka sare na Mali na kuifunga Angola 2-1.

Tangu Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono. Mfupa wa anayekua una tabaka laini karibu na ncha yake. Likishaungana kabisa, ni vigumu sana mwenyewe kuwa chini ya miaka 17. Mtaani tunacho cheti cha kuzaliwa, na mwalimu wa darasa, ambaye kwa kweli hadanganyiki kirahisi.

Lakini kosa letu halikuwa la vyeti. Kushindana ni neno la watu wawili. Hakuna anayeshindana peke yake. Mpinzani anayekukaba vizuri anakulazimisha kujifunza kutumia mguu wa kushoto, hivyo anakufundisha hata asipotaka. Kijeba anamzidi mtoto kwa kilo tu. Mtoto anajifunza kuogopa, na kijeba, aliyezoea kupita kwa misuli, akikutana na wa rika lake anakwama. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba hata mchezo una fadhila yake. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo darasani kabla ya siku ile ya mbuzi.

Siku hizi mazoezini, timu moja ikiongoza kwa mabao matatu, tunagawa upya. Watoto wananung'unika, kisha wanakimbia zaidi.

Yule wa benchi bado anakuja. Jumamosi ataanza, na zawadi ni mbuzi tena.